Karibu Si Bure: Likizo ya Familia Ndani ya Kilomita 200 Kutoka Dar

(Hotuba kwa wanakikoba na wazazi, Dar es Salaam)

Ndugu mwenyekiti, mama mweka hazina na daftari lako, kina mama, kina baba, nanyi vijana mliokubali kukaa na watoto pale nje ili wazazi wasikilize: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wakubwa wetu wote, shikamooni.

Mmetuita tuzungumzie likizo. Neno lenyewe likitajwa kwenye kikoba watu huangaliana, kwa sababu wengi wanalisikia kama jambo la wenye magari mawili. Sisi tunapanga safari za familia za kawaida, za mshahara na biashara ndogo, na leo tutabaki ndani ya kilomita 200: Pugu, Mbudya, Bagamoyo na Morogoro. Zanzibar, Arusha na Lushoto tunawaachia siku nyingine.

Tuanze na kosa lenyewe. Ukaribu unatudanganya. Mtu akienda Kigoma anapanga mwezi mzima: tiketi, mzigo, chakula cha njiani, nani atawapokea. Akienda Bagamoyo anaamka Jumamosi saa 3 asubuhi, anasema "haya, twendeni". Saa 5 wako kwenye foleni ya Tegeta na biskuti zimekwisha. Saa 7 wanafika na jua liko utosini. Bahari imekupwa, maji yako kule mbali, watoto wanakanyaga tope. Wanakula chipsi kwa bei ya mgeni, wanarudi usiku, na aliyebebwa mgongoni analia kuanzia Mapinga mpaka Mwenge. Laki na nusu imeondoka na hakuna hata mmoja aliyeogelea. Halafu tunasema likizo ni ghali. Kilichoila pesa hapo ni kutokupanga. Bagamoyo haina kosa.

Kwa hiyo kalenda kwanza, pesa baadaye. Wengi hufanya kinyume.

Shule zetu zina likizo mbili ndefu, ya Juni na ya Desemba. Ukiweza kuchagua, chagua Juni. Masika imekwisha, njia za vumbi zimekauka, na joto la Dar limepungua kiasi kwamba mtoto anaweza kutembea saa 4 asubuhi bila kuchoka mapema. Upande wake mbaya ni upepo. Kusi iko kazini, na kadiri Julai inavyokaribia bahari inachafuka mchana, kwa hiyo safari za boti zifanyike asubuhi. Desemba ina mvua za vuli na joto la kunata, lakini ina neema yake: wenzetu wa Kilimanjaro wakishapanda mabasi kwenda nyumbani, jiji linapumua. Siku zile kati ya Krismasi na mwaka mpya ni nzuri sana kwa safari za kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Siku ya sikukuu yenyewe na ile inayofuata kaeni nyumbani. Ufukwe wa bure siku ya Iddi ni mahali pa kupotezea mtoto.

Kwa Morogoro, angalieni tarehe za mwanzoni mwa Agosti. Maonyesho ya Nane Nane yanajaza nyumba za wageni pale mjini, na chumba mnachokipata Juni kwa maelewano, wiki ile hakipatikani hata kwa bei yake. Na mwenye ajira asisahau kwamba sheria ya kazi inampa siku 28 za likizo kwa mwaka. Kuchukua 2 kati ya hizo, Jumatano na Alhamisi, kunabadilisha gharama yote, kwa sababu katikati ya wiki mwenye nyumba ya wageni ndiye anayekutafuta wewe.

Sasa bahari, na hapa mtuvumilie, kwa sababu jambo hili moja ndilo linaloharibu safari nyingi za pwani kuliko mvua na foleni.

Maji hujaa mara 2 na kupwa mara 2 kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa kama dakika 50. Wavuvi wanajua, sisi wa ghorofani tumesahau. Pwani yetu ya Dar na Bagamoyo ina desturi yake: siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, yaani siku za bamvua, maji hujaa sana kwenye saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hukauka sana kwenye saa 4 asubuhi. Tofauti kati ya maji kujaa na kupwa siku hizo hupita mita 3. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, mambo yamegeuka: maji hujaa saa 4 au saa 5 asubuhi, na tofauti yake ni ndogo, kama mita 1 hivi.

Hiyo ina maana gani kwa mama mwenye watoto watatu? Kama mnataka kuogelea asubuhi na kurudi mapema, tafuteni siku za maji mafu, yaani robo ya kwanza au ya mwisho ya mwezi, pale mwezi wa angani unapoonekana nusu. Kama mnalala huko na mnataka watoto waogelee jioni jua likiwa limepoa, nendeni bamvua. Na bamvua ina zawadi nyingine. Saa 4 asubuhi maji yakikauka, watoto wanatembea juu ya mchanga wakiokota makome na kutazama kaa, bila gharama yoyote. Wavalisheni yeboyebo, kwa sababu kwenye mawe kuna nungu wa baharini, wale weusi wenye miiba, na mwiba wake hukatikia ndani ya mguu. Ila maji yakianza kurudi, rudini. Kwenye ufuko wa bapa kama wa Bagamoyo maji hayaji kwa kishindo. Hupita kwanza kwenye vijito vya nyuma yako, ukigeuka unakuta kile ulichokuja ukikiruka sasa kinamfika mtoto kifuani.

Huna haja ya chombo chochote kujua haya. Angalia mwezi, hesabu siku, ongeza dakika 50 kwa kila siku. Ukitaka uhakika zaidi, muulize nahodha au muuza samaki siku moja kabla. Swali liwe "kesho maji yanajaa saa ngapi?" Ukiuliza "kesho ni kuzuri?" utajibiwa ndiyo, kwa sababu yeye anatafuta abiria.

Haya, tuingie Bagamoyo yenyewe. Ni kama kilomita 70 kutoka katikati ya jiji. Magari ya abiria hutoka kituo cha Makumbusho. Ondokeni kabla ya saa 1 asubuhi. Mkichelewa mtajikuta pamoja na kila anayekwenda Bunju. Kwa familia yenye watoto wadogo tunashauri mlale usiku mmoja, kwa sababu kwenda na kurudi siku moja mnakaa barabarani muda mrefu kuliko mnaokaa Bagamoyo.

Mambo ya kuona yako mengi na yote ni ya karibu. Magofu ya Kaole yako kilomita 5 hivi kusini mwa mji: msikiti wa karne ya 13, makaburi yenye nguzo, na mbuyu mkubwa ambao waongozaji husimulia kwamba ukiuzunguka unaongeza umri. Watoto wakisikia hivyo watauzunguka mpaka mchoke ninyi, kwa hiyo acheni mbuyu uwe wa mwisho. Mjini kuna Ngome Kongwe, boma la Mjerumani la mwaka 1897, na mahali palipokuwa kituo cha misafara. Kwenye misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, kuna makumbusho yenye habari za biashara ya watumwa na za mwili wa Livingstone, uliopitishwa pale mwaka 1874 ukielekea Zanzibar na baadaye Uingereza. Msiende kote siku moja. Mtoto wa miaka 7 ana uwezo wa magofu mawili kwa siku. La tatu kwake ni adhabu. Kaole asubuhi, misheni kesho yake, na jioni zote mbili ni za ufukweni.

Mwongozaji wa Kaole mlipeni, msijifanye wajuaji. Bila yeye mtaona mawe. Mnapofika mwambieni mna watoto na mna saa moja tu, naye atachagua hadithi zinazowafaa. Chakula kinunueni soko la samaki, pale wanapokaanga. Wahini mchana mapema, angalia mafuta yanayokaangia, na chagua samaki kabla ya kuuliza bei ya sahani, kwa sababu bei ya sahani ni ya anayeshuka kwenye basi la watalii.

Kwa wasio na nafasi ya kulala nje kabisa, Pugu. Watu wa Gongo la Mboto na Kisarawe wanaishi jirani na msitu wa kale na hawajawahi kuingia. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi uko chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, una njia za miguu, na una mapango yaliyobaki kutokana na uchimbaji wa zamani wa udongo mweupe ambamo sasa wanaishi popo wengi. Popo hutoka giza linapoanza kuingia, na hilo kwa mtoto ni jambo la kusimulia shuleni muhula mzima. Lakini kutoka msituni usiku na watoto kunahitaji mhifadhi wa kuongozana nanyi, na mpange naye tangu mapema. Suruali ndefu, viatu vilivyofunika, maji lita 1 kwa kila mtu. Kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, basi muwe na salio kwenye simu kabla ya kufika, kwa sababu mtandao chini ya miti hauaminiki.

Mbudya tutaipita haraka. Boti hutoka Kunduchi, kisiwa ni hifadhi ya bahari na kina kiingilio chake mbali na nauli ya boti, na watu wengi husahau kuuliza mojawapo. Maji ya kunywa bebeni. Kabla ya kupanda, shikeni majaketi ya kuokolea kwa mikono yenu: yapo ya watoto? Vifungo vinafunga? La mtu mzima likivalishwa mtoto humvuka kichwani anapoanguka majini. Kama hakuna ya watoto, hakuna safari, hata kama watoto watalia. Nauli lipeni nusu kwenda na nusu mkirudi, na saa ya kufuatwa ijulikane, iwe kabla ya saa 9 alasiri miezi ya kusi.

Morogoro sasa. Tangu Juni 2024 treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria, Morogoro imekuwa jirani. Safari ni chini ya saa 2, haina foleni ya Kibaha, choo kipo, na mtoto anaweza kusimama. Kwa mwenye mtoto anayetapika kwenye basi, hiyo peke yake inatosha. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, mwaka huo ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima, mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake, na aliye chini ya miaka 4 bure. Treni za haraka zina nauli yake ya juu. Kagueni bei ya sasa siku mnayokata tiketi.

Mambo yanayokwamisha watu kituoni ni matatu. La kwanza, kitambulisho kimesahaulika nyumbani. La pili, mtoto wa miaka 11 mwenye umbo kubwa hana kitu cha kuonyesha umri. Bebeni nakala ya cheti cha kuzaliwa, itawasaidia pia kwenye malango ya hifadhi. La tatu, kufika dakika 10 kabla kana kwamba mnakwenda kupanda daladala. Kuna ukaguzi wa mizigo kama uwanja wa ndege, na treni hii haisubiri. Fikeni saa 1 nzima kabla. Kisu cha matunda na mtungi wa gesi viacheni nyumbani. Na tiketi za Ijumaa jioni na Jumapili jioni hukatwa mapema, kwa hiyo kateni za kwenda na za kurudi kwa pamoja. Tumeshaona familia iliyokwenda kwa treni ikirudi kwa basi la saa 4 usiku.

Kituo cha Morogoro kiko Kihonda, nje ya katikati ya mji. Pale mlangoni bajaji ya kwanza itakuambia bei ya abiria wa treni. Vukeni, tembeeni kidogo, muulize ya tatu.

Mjini, Soko Kuu la Chifu Kingalu ndilo jiko lenu: ndizi, machungwa na mboga zinazoshushwa kutoka Uluguru. Siku ya mlima iwe ya pili, baada ya kulala vizuri. Njia ya kupanda Morningside, kwenye jengo la enzi za Mjerumani, inafaa watoto wa kuanzia miaka 8 wenye viatu vya kushika. Anzeni saa 1 asubuhi na mwongozaji wa pale pale, kwa sababu mchana mawingu hushuka na njia ya udongo mwekundu ikilowa inateleza vibaya. Wenye watoto wadogo wasione haya kupanda nusu na kugeuka. Mtoto anayebebwa kushuka mlima humvunja baba goti, na hiyo nayo ina bili yake. Bibi akiwepo, yeye na mdogo wabaki chini kwenye vijito vya Rock Garden.

Wengi wanauliza hifadhi ya Mikumi, ingawa inapita kilomita 200 zetu. Ndiyo, mnaweza kufika kutoka Morogoro, na hata mkipita tu kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa mtaona twiga na tembo kandokando, kwa kuwa barabara inakatiza hifadhi kwa kama kilomita 50. Kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni, na watoto wa chini ya miaka 5 hawalipi. Ghali ni gari. Kwa hiyo Mikumi isiwe safari ya familia moja: unganeni familia mbili, jazeni gari moja, na mgawane kwa viti, mtoto akihesabiwa kiti chake. Mkigawana kwa familia, yenye mtoto mmoja italalamika, na ugomvi wa safari huwa unahamia kwenye kikoba.

Mama mweka hazina, sasa fungua daftari. Tuchukue familia ya watu 5: baba, mama, watoto wa miaka 9, 6 na 3. Morogoro, siku 3, usiku 2.

Treni, kwa nauli tulizozitaja: wazazi wawili kwenda na kurudi 52,000, watoto wawili wa nusu nauli 26,000, mdogo bure. Jumla 78,000. Yanayofuata ni makadirio ya kupangia, kila mmoja ayarekebishe kwa hali yake. Malazi, chumba kimoja kikubwa, 50,000 kwa usiku, ni 100,000. Chakula 40,000 kwa siku, ni 120,000. Bajaji na daladala 40,000. Mwongozaji na viingilio 40,000. Hadi hapo ni 378,000. Ongezeni 62,000 ambazo hazina jina. Zinafika 440,000.

Kuanzia wiki ya kwanza ya Januari hadi shule zinapofungwa Juni ni kama wiki 22. Gawanya: 20,000 kwa wiki. Ndiyo maana tumekuja kuongea na kikoba na hatukwenda benki. Msichukue mkopo wa kikoba kwenda likizo. Riba ya miezi 3 inaweza kumeza usiku mmoja wa malazi, na marejesho yanaanza pale pale ada ya muhula wa pili inapodaiwa. Wekeni kama hisa ya pembeni, na pesa zikifika 78,000 msizisubirishe: pangeni tarehe, na tiketi zikianza kuuzwa kwa tarehe hizo, kateni. Pesa iliyokwisha kuwa tiketi haiombwi na shemeji.

Zile 62,000 zisizo na jina ndizo tunazibishania kila mara na kina baba. "Hizo za nini?" Ni za vitu vya katikati. Maji ya chupa 5 kila mnaposhuka kwenye gari. Choo cha kulipia. Soda ya kumnyamazisha mdogo. Makato ya kutoa pesa kwenye simu mara 6, kila mara kidogo kidogo, badala ya mara moja. Kandambili iliyokatika. Kwa familia ya watu 5 vitu hivi havipungui, vinafichwa tu. Dawa yake ni dumu la lita 5 la maji kutoka nyumbani na chupa ndogo ya kila mtoto yenye jina lake, karanga, mayai ya kuchemsha na chapati za siku ya kwanza, na kila mtoto mkubwa kupewa 3,000 zake mwenyewe za siku tatu. Akizimaliza siku ya kwanza, zimekwisha. Mtoto mwenye pesa yake huuliza bei. Asiye nayo huomba.

Chumba. Hapa ndipo watu wanapoibiwa na ndipo wanapoumia, kwa hiyo andikeni. Mkipiga simu msiulize "mna nafasi?" peke yake. Ulizeni: watoto 3 wanalala chumba kimoja nasi, mnawatoza? Godoro la ziada ni bei gani? Kifungua kinywa ni cha watu wangapi? Mara nyingi ni cha wawili, na asubuhi mnajikuta mnalipia chai ya watoto kwa bei ya hoteli. Chandarua kinafika chini na kinaenea kitanda chote, au ni kile cha mapambo? Maji ya bomba yanatoka mchana na usiku? Chumba kiko ghorofa ya ngapi, kama mnaye bibi? Na kuna baa jirani? Baa ya Jumamosi haizimi muziki kwa sababu mtoto wako analala.

Picha zisiwape usingizi. Mwombeni mhudumu awapigie video ya chumba chenyewe siku hiyo hiyo, akianzia kwenye kibao cha jina la nyumba, aingie mpaka bafuni na afungue bomba. Mwenye chumba kweli hufanya hivyo kwa dakika 3. Anayekuambia "tuma advansi kwanza, vyumba vinaisha", na namba ni ya mtu binafsi ambayo jina lake halifanani na la nyumba, mwacheni. Amana isizidi usiku mmoja, ilipwe kwenye namba ya biashara, na ujumbe wa malipo usifutwe mpaka mrudi.

Mfuko wa afya ni mdogo tu: kadi za bima, kipimajoto, dawa ya homa ya mtoto kwa kipimo cha uzito wake, plasta, na pakiti za chumvichumvi ya ORS. Pakiti zilizozoeleka huchanganywa na lita 1 ya maji safi, lakini zipo ndogo, someni maandishi. Ukichanganya pakiti ya lita 1 kwenye chupa ya nusu lita, chumvi inazidi na mtoto anaweza kuumia zaidi. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Homa ikianza, hata siku 7 au zaidi baada ya safari, kapimeni malaria. Msiseme ni uchovu wa njiani.

Kuna aliyeniandikia hapa kikaratasi: watoto wanagombana safari nzima, tufanyeje? Mara nyingi ni njaa au usingizi. Chakula kila baada ya saa 3 hata kama hawajaomba, na saa 1 ya kulala au kulala-lala mchana, saa 7 hadi saa 9, wakati jua lenyewe halitaki mtu. Mipango isizidi jambo moja asubuhi na moja jioni. Mkubwa apewe kazi ya kweli: kushika tiketi, kuhesabu mizigo, kuandika matumizi kwenye daftari. Wa miaka 9 akijua zimebaki shilingi ngapi, huacha kuomba soda na kuanza kuwakataza wadogo zake.

Na siku ya kurudi, rudini mapema, ikiwezekana siku moja kabla ya ile ambayo kila mtu anarudi. Kabla ya kuondoka nyumbani acheni unga, mafuta na maharage yaliyochambuliwa, na umeme usipungue kwenye LUKU, kwa sababu familia iliyochoka ikikuta jiko tupu na giza itakwenda kununua chipsi za watu 5. Tengeni 10,000 ya bajaji kutoka kituoni, iwe ya noti, kwenye mfuko wa mama, na isiguswe hata kama mmeona embe za bei rahisi Morogoro.

Mwenyekiti, tumebaki na dakika 20 za maswali. Mama mwenye ushungi wa bluu, karibu.